Ukoo wa mama na thamani ya farasi dume

Umeuliza iwapo ukoo wa mama una uzito wowote pale farasi dume wa mbio anapostaafu na kuanza kuzalishwa. Unao, na mfano ninaouona wazi kuliko yote ni wa Urban Sea, jike aliyeshinda Prix de l'Arc de Triomphe, mbio kubwa za Ufaransa, mwaka 1993: alimzaa Galileo kwa dume Sadler's Wells, kisha akamzaa Sea The Stars kwa dume Cape Cross, na wanawe hao wa baba tofauti walishinda Derby ya Epsom, mbio maarufu za Uingereza, mwaka 2001 na 2009, kabla ya kuwa wazazi mashuhuri wa mabingwa. Hata hivyo, Black Sam Bellamy, nduguye Galileo wa baba na mama mmoja, alishinda mbio za daraja la kwanza lakini akaishia kutumika zaidi kuzalisha farasi wa kuruka viunzi. Yaani ukoo pekee hautoi hakikisho, kwa hiyo ninapouchunguza mimi huishia kwa mama na bibi. Jike wa kizazi cha tano nyuma, ambaye wauzaji hupenda kumsifu, amechangia kwa wastani sehemu 1 tu kati ya 32 za urithi wa farasi huyo dume.