Jibu: Klabu bingwa Afrika, nani kachukua mara nyingi, na sisi Watanzania tuko wapi?

Mkuu, hilo la kwanza halina ubishi: Al Ahly, mara 12, wakianza 1982 na la mwisho 2024. Zamalek na TP Mazembe wanafuata kwa mbali, tano tano.

Sisi hatujawahi kulibeba. Simba walifika nusu fainali 1974, ndiyo hatua ya mbali kuliko zote kwetu kwenye kombe hilo. Fainali tulizocheza ni za makombe mengine: Simba 1993 na 2025, Yanga 2023.

Ile ya Yanga bado inaniuma, na mimi ni Simba! Niliitazama kibanda umiza hapa Majengo, Dodoma, benchi la mbao, jirani kashika mfuko wa karanga asile hata moja. Kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar es Salaam, tulifungwa 2-1 na USM Alger, kule Algiers tukashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likaenda kwao kwa mabao ya ugenini: wao mawili, sisi moja. Kijana mmoja akauliza, "Sasa tuongezewe dakika?" Hakuna aliyemjibu, mwenye kibanda alishazima runinga.

Kwa hiyo huyo anayekwambia Yanga walicheza fainali ya klabu bingwa, mwambie ilikuwa Kombe la Shirikisho, lile la pili kwa hadhi Afrika.