Chungu cha kuyeyushia shaba kimepata ufa: kinazibika?

SWALI: Jambo mukubwa. Tuna karakana ndogo hapa Katuba, Lubumbashi, tunamimina bushi za shaba, zile pete ambamo mhimili huzunguka, za vinu vya kusaga. Chungu chetu cha grafiti kimepata ufa, unaanzia mdomoni na kushuka kama urefu wa kidole. Shaba inayobaki jioni huwa tunaiacha humo humo. Je, tukiziba kwa udongo na saruji, tukakaza na waya, tunaweza kuendelea mpaka tupate pesa ya kingine?

JIBU: Hapana, ndugu fundi. Chungu hicho kisibebe tena shaba, hata mara moja. Shaba huyeyuka kwenye digrii 1,085, na nyinyi mnaimimina ikiwa na moto zaidi ya huo. Saruji itabomoka, waya ukishakuwa mwekundu utalegea, na ufa utafunguka pale pabaya kabisa: koleo limebana, chungu kimeinuliwa, miguu ya watu iko chini yake.

Kinachonisumbua zaidi ni ile shaba ya jioni. Ikiganda inashikamana na kuta. Asubuhi mkiwasha makala, donge lile linatanuka kuliko chungu chenyewe, halina pa kwenda, basi linasukuma kuta. Ufa wa kusimama kama wenu mara nyingi huletwa na hilo. Msipoacha desturi hiyo, hata kipya mtakipasua. Kila jioni mimineni masalio yote kwenye kalibu za chuma zilizokauka na kupashwa moto. Wala msipachike vipande virefu vikabana ukuta kwa ukuta, maana navyo hutanuka.

Unyevu ni adui mwingine, hasa mvua zetu za Novemba hadi Machi. Chungu kisikae sakafuni. Kipya kikausheni kwanza kwenye joto la kama digrii 200 kwa saa mbili hivi, kisha pandisheni moto taratibu hadi kiwe chekundu, ndipo mtie shaba. Kila asubuhi, kikiwa baridi, kigongeni kwa kijiti: kizima hulia wazi. Kikitoa sauti butu, kina ufa au kimelowa. Kikausheni, mgonge tena. Bado butu? Kiwekeni kando.

Na kikipasukia motoni: zimeni feni, msikiinue, sogeeni mbali, shaba ishuke yenyewe chini ya tanuri. Pale chini pawe na tundu la kuitoa na shimo la mchanga mkavu. Nawaomba sana, msimwage maji, na msimiminie juu ya sakafu ya zege. Zege lina maji ndani yake, na maji yakigeuka mvuke huvimba karibu mara 1,700. Hayo ndiyo yanayorusha shaba usoni mwa mtu.

Hicho chenye ufa kivunjeni leo, kabla haja ya pesa haijawashawishi. Ondoeni shaba iliyonata, sageni vigae, mchanganye na udongo wa kukandika tanuri.