Picha ya Dunia ikichomoza mwezini: ni Anders, sio Armstrong

Wengi wanadhani aliyepiga ni Neil Armstrong, yule wa kwanza kukanyaga mwezi. Hapana, sio yeye. Ile picha ya rangi ya Dunia ikichomoza juu ya mwezi aliipiga Bill Anders, mwanaanga wa Apollo 8 (safari ya Wamarekani kwenda mwezini), tarehe 24 Desemba 1968, Armstrong kafika mwezini Julai 1969 huko. Na hawa wa Apollo 8 hata hawakutua, waliuzunguka mwezi mara 10 wakageuza kurudi nyumbani.

Sauti za mle ndani ya chombo zilirekodiwa, ndo maana ubishi umeisha. Frank Borman, mwenzake Anders, alikuwa anakigeuza chombo, ghafla Dunia ikatokea dirishani, Anders akapiga moja ya blakendi waiti kwa sababu ndo filamu iliyokuwemo kwenye kamera, halafu akaanza kumhimiza Jim Lovell, wa tatu wao, ampe filamu ya rangi haraka haraka kabla haijapotea. Kamera ni Hasselblad yenye lenzi ya milimita 250. Miaka mingi Borman alikuwa anasema kapiga yeye, ila 2013 NASA (shirika la anga la Marekani) walilinganisha zile sauti na ramani za mwezi za LRO, chombo chao kinachouzunguka mwezi, wakaona dirisha lililokuwa limeelekea Dunia ni la Anders.

Ila usiseme ni picha ya kwanza ya Dunia kutoka mwezini, chombo cha Lunar Orbiter 1 kilishapiga Agosti 1966, hakikuwa na mtu ndani na picha yake haina rangi.