Umeneja wa duka umenichosha, nitokeje bila kupoteza haki zangu?

SWALI: Mimi ni meneja wa duka la jumla na rejareja hapa Mwanjelwa, mwaka wa sita sasa. Kila stoki ikihesabiwa ikaonekana shoti (upungufu wa mali), nakatwa mimi. Mwezi uliopita nilikatwa shilingi 240,000 kwenye mshahara wa 600,000, na sikuonyeshwa hesabu yoyote. Usingizi umenipotea. Natamani kesho niache funguo kaunta niondoke. Nitalipwa chochote? Na kazi gani nyingine nitaiweza?
Mama wa wawili, Mbeya

JIBU: Pole sana, dada. Kuondoka ni haki yako, na kwa unayoyaeleza una sababu ya kutosha. Ila funguo usiziache kaunta. Meneja akitoweka, shoti yoyote itakayoonekana baadaye itaandikwa jina lake, naye hayupo kujitetea.

Tuanze na makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba hasara imetokana na kosa lako, akupe kwa maandishi chanzo, kiasi na namna alivyokipata, kisha akupe nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato hayazidi robo ya ujira wako. Robo ya 600,000 ni 150,000. Andika barua ya kudai maelezo leo, ubaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa.

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi si chini ya siku 28, kwa maandishi, yenye sababu na tarehe. Haihesabiwi ndani ya likizo, kwa hiyo kama una siku za likizo, zichukue kwanza uzitumie kutafuta kazi, barua ifuate baadaye. Ukigoma kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata ujira wa siku hizo. Kama mkataba wako ni wa muda maalumu na haujaisha, usome kwanza. Mara nyingi utahitaji kukubaliana na mwajiri kuuvunja.

Utakachodai ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuichukua (siku 1 ya ujira kwa kila siku 13 za kazi) na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha ujira wa siku 7 kwa kila mwaka hulipwa pale mwajiri anapokuachisha, si unapojiuzulu, na fao la NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) la kukosa ajira nalo halimhusu aliyejiuzulu. Ndiyo maana tunakushauri upate kazi kwanza, au uweke akiba ya chakula, ada na kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Pita NSSF uombe taarifa ya michango, uone kama kila mwezi umewasilishwa.

Makabidhiano ndiyo yatakayokuokoa. Hesabuni watu wawili, rafu kwa rafu, kwenye karatasi yenye safu tatu: kilichopo kitabuni, kilichopo rafuni, tofauti. Vilivyovunjika na vilivyoisha muda vihesabiwe peke yake. Angalieni sana katoni zilizofunguliwa: sabuni ya vipande 24 ikiuzwa kipande kimoja kimoja huku kitabu bado kinasoma katoni, shoti inaonekana wakati hakuna aliyeiba. Mzigo uliorudishwa kwa msambazaji bila kufutwa kitabuni huleta shoti ileile. Kila ukurasa usainiwe na wote wawili, nawe upige picha.

Kuhusu kazi, unayoyajua yanahitajika nje ya duka: maghala ya mchele Mbarali na Kyela, vituo vya kufungasha parachichi Rungwe na Njombe, wasambazaji wa vinywaji Uyole, mawakala wa forodha Tunduma. Kwenye wasifu usiandike "mchapakazi". Andika umesimamia wafanyakazi wangapi, aina ngapi za bidhaa, mauzo ya siku, na shoti ilishuka kutoka ngapi hadi ngapi. Jitahidi msambazaji mmoja aliyekuletea mzigo kwa miaka awe mdhamini wako, maana bosi wako huenda akawa na kinyongo.

Kazi za parachichi hufuata msimu. Kabla ya kusaini, uliza mkataba unalipa miezi mingapi kwa mwaka, na michango ya NSSF inapelekwa kuanzia mwezi upi.