Moshi wa Jikoni na Presha ya Mama

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Mama yangu ana miaka 56, tunaishi kijijini Pangani. Kila alfajiri anakaanga vitumbua vya kuuza, anakokea makumbi na vifuu kwenye jiko la ndani lenye kidirisha kimoja. Zahanati wamemkuta na presha 158/96 mara mbili, wakamwanzishia dawa. Si mnene, chumvi anatia kidogo, na huku hakuna viwanda wala magari mengi. Majirani wanasema ni mawazo tu. Je, moshi unaweza kuhusika?
Binti wa Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu. Ndiyo, unaweza, na nimefurahi umeuliza, maana tukisikia hewa chafu tunawaza Dar es Salaam na foleni zake, tunamsahau mama aliyeinamia mafiga.

Moshi ule una chembe ndogo sana, upana wake haufiki hata sehemu moja ya ishirini ya unywele. Zinateremka hadi ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia kwenye damu. Mishipa hujikaza na kuta zake huumia, basi moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Huko Guatemala wanawake wa vijijini walijengewa majiko yenye dohani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa presha yao, ile namba ya juu, ilikuwa chini kwa karibu 4 kuliko ya wenzao waliobaki na moto wa wazi.

Hiyo 4 haitoshi kumshusha mama chini ya 140/90, kwa hiyo dawa asiache hata akijisikia mzima. Tena, hebu niambie, kitoweo chenu ni nini? Kama ni papa mkavu au ng'onda, chumvi imeshaingia kabla mama hajashika kijiko. Mroweke, mwage maji, au mle samaki mbichi.

Vitumbua asiache, ndiyo riziki yake. Mafiga yatoke nje, kwenye banda la makuti lisilo na kuta, naye akae upande unaotoka upepo. Achochee vifuu vikavu. Makumbi ndiyo yenye moshi mzito, ndiyo maana twayafukiza jioni kufukuza mbu, na hilo nalo msilifanye chumbani anakolala. Mkaa msiuingize ndani mkidhani ni salama: unatoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Serikali imepanga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mkiweza kuchangishana ndugu, mnunulieni mtungi mdogo wa gesi sasa, walau wa chai na mboga.

Siku ya kupimwa asitoke motoni moja kwa moja. Apumzike dakika tano, ameegemea kiti, asizungumze. Na akipinda mdomo, akishindwa kuinua mkono au maneno yakimkwama, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali saa ileile.