Kingamwili za mayeloma zina umbo la kawaida?

Unauliza kama kingamwili za mayeloma (saratani ya seli za plazma, zile zinazotengeneza kingamwili) zimeharibika umbo, ndiyo maana hazimkingi mgonjwa. Mara nyingi hapana: minyororo miwili mizito ya protini, miwili myepesi, kama zingine zote. Shida ni kwamba zimetoka ukoo mmoja wa seli za plazma, hivyo zote zina sehemu ileile ya kunasia shabaha, kama fundi anayechonga ufunguo mmoja tu maelfu kwa maelfu. Na baadhi hunasa kweli. Ile ya panya iitwayo MOPC 315 hunasa kemikali ya DNP. Balaa hasa ni minyororo myepesi inayozalishwa kupita kiasi: hushikana miwili miwili, hupenya figo, huziumiza, hutokea kwenye mkojo. Ndiyo protini ya Bence Jones, walivyoonyesha wanasayansi Edelman na Gally mwaka 1962.