Kabla ya kuikataa kazi ya mtu, igeuze

Mara ya kwanza nilipoitwa kwenye jopo la kuchagua kazi za maonyesho ya pamoja, hapa hapa Dar es Salaam, tulichagua kwa picha za simu. Kinyago kimoja tulikikataa haraka kwa sababu pichani kilionekana bonge jeusi tu. Siku ya ufunguzi mchongaji akaja nacho mkononi, kimefungwa kwenye kanga. Nilipokipokea, mkono ulishuka kwa uzito. Mpingo mtupu, watu wamepandana mabegani kama vinyago vya ujamaa vya Wamakonde, na kwapani mwa mama mmoja kumefichwa uso wa mtoto usiozidi ukucha. Kamera haikuuona. Nafasi zilikuwa zimeshajaa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu hapo nina sharti moja: kazi zenyewe ziletwe, la sivyo siji. Zikishaletwa, zigeuze. Mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu ili uonekane mpingo hujisema chini ya kitako, pale ambapo kitambaa hakikufika. Halafu ni mwepesi, ilhali mpingo ukiutia majini unazama.

Michoro ya Tingatinga ndiyo inayonichosha akili zaidi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za kung'aa juu ya mbao za kuezekea dari, na alifariki mwaka 1972. Waliomfuata wamemrudia chui wake kwa zaidi ya miaka 50, kwa hiyo ukimkataa mtu kwa kuwa amechora chui, umekataa mapokeo yote. Mimi hutazama madoa. Je, yanafuata mwili, yakipungua kuelekea mguuni na kubanana shingoni? Au yamegongwa sawasawa kila mahali kama muhuri? Hapo ndipo utajua nani alikuwa anamtazama mnyama wake na nani alikuwa anawahi watalii wa jioni.

Alama ziandikwe kabla mtu hajafungua mdomo. Kwetu mzee akishasema, kijana haongezi neno, na jopo la watu watano linageuka la mtu mmoja. Mkifika kwenye mjadala, aanze mdogo kuliko wote. Ikiletwa kazi ya mwanafunzi wako au ya shemeji yako, toka nje kabisa. Kukaa kimya pembeni hakutoshi, maana wenzako wanakusoma usoni.

Waliokosa nafasi huwapigia simu mwenyewe, mmoja mmoja, na kila mmoja namwambia kitu nilichokiona kwenye kazi yake. Ni kazi ya siku mbili na haina posho. Mwaka jana mchongaji mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ulikigeuza?" Nikamwambia nilikigeuza, nikamtajia ufa ulioanzia chini ya kitako ukapanda hadi kwenye kisigino cha bibi aliyemchonga. Akanyamaza kidogo. "Ule ufa naujua," akasema. "Nilidhani hakuna atakayeuona."